Somo: Nyiragongo ikitulia, namna ya kutafuta watu wako na kurudi nyumbani

Usiku wa 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka na wengi wetu wa Goma tulikimbia kwa miguu, tukarudi kulipokucha tukidhani yamekwisha. Tarehe 27 tukaamriwa kuondoka tena, kwa maana ardhi ilikuwa bado inatetemeka na nyufa zinafunguka barabarani. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni hii: anga kukosa wekundu si ruhusa ya kurudi. Ngoja tangazo kwenye redio.

Hatua ya pili, watu kabla ya mabati. Chagueni mapema ndugu mmoja wa nje ya mji, tuseme shangazi wa Bukavu, kila mmoja ampigie yeye. Goma yote ikipiga simu kwa pamoja mtandao unakwama, lakini ujumbe mfupi hupenya. Mtoto mdogo mwandikie namba hiyo kwa kalamu mkononi. Mwaka ule watoto wengi walipotezana na wazazi njiani. Ukimpoteza wako, kamwandikishe kwa watu wa Msalaba Mwekundu palepale ulipofikia, usianze kuzunguka peke yako.

Hatua ya tatu naomba uisome mara mbili: mazuku, yaani hewa inayoua itokayo ardhini. Hewa hii ni nzito, haina rangi, na hujikusanya mashimoni na mabondeni, hasa alfajiri kabla ya jua na upepo. Niliporudi nilikuta kuku watatu wamelala kwenye mtaro nyuma ya choo, manyoya safi, hawana jeraha. Jirani alitaka kushuka awaokote. Nilimvuta shati. Ukiona mnyama amekufa chini hivyo, panda juu, mtoto mweke mabegani, maana yeye ndiye aliye karibu na ardhi.

Lava nayo inadanganya. Juu ni jiwe jeusi, chini bado moto. Nilichomeka kijiti kwenye ufa, kikawaka. Usikatize juu yake hata kama njia ya kuzunguka ni ndefu: 2021 kuna waliokufa wakivuka, kwa hewa yake. Na stesheni ya mafuta iliyoguswa na lava uikimbie. Mwaka 2002 mafuta yalilipuka na watu wakafa pale.

Nyumbani, ondoa bomba la mvua kwenye tanki kwanza ili majivu ya volkano yasiingie kwenye maji, kisha osha mabati. Kagua kuta kabla ya kulala ndani.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Majengo:* Maji yameingia majivu. Nikiyachemsha yanatosha?
Hapana, mama. Moto unaua vijidudu, hauondoi kilicholetwa na majivu. Yatumie kufua, ya kunywa tafuta kwingine.

*Kijana wa Ndosho:* Barakoa inazuia mazuku?
Haizuii, mdogo wangu. Kitambaa kinakamata vumbi tu. Dawa ya mazuku ni kutoka mahali pale.

*Baba wa Buhene:* Parseli yangu, kiwanja changu chote, iko chini ya jiwe la lava, alama za mipaka hazionekani. Nifanye nini?
Pole sana, mzee. Nenda na karatasi zako kwa shefu wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa wenu, pamoja na majirani wa pande zote nne, mpime mkiwa wote bado mnakumbuka mti ulikuwa wapi na kisima wapi. Kama karatasi ziliungua, majirani hao ndio ushahidi wako, kwa hiyo waandikishe majina kabla hawajahama.