Jinsi ya Kuwaonyesha Watoto wa Kigoma Samaki Hai wa Ziwa Lao

Mtu akipanga kuwafundisha watoto wa Kigoma kutunza mazingira kwa kuwaonyesha mnyama hai, fikra zake hukimbilia sokwe mtu, kwa kuwa hifadhi za Gombe na Mahale ndizo zilizoutangaza mkoa huu duniani. Sokwe mtu hafai kuletwa mbele ya watoto kwa namna yoyote ile. Maradhi ya binadamu humpata kwa urahisi, na ndiyo sababu wageni wa Mahale huvaa barakoa na kutakiwa wakae umbali wa mita 10. Isitoshe, sokwe aliyefungwa kamba humfundisha mtoto kwamba mnyama wa porini ni mali ya mwenye kamba. Ushauri wangu ni kumchagua kiumbe mdogo ambaye makazi yake mtoto huyapita kila siku akienda kuchota maji au kufua, yaani samaki wa kwenye mawe.

Ziwa Tanganyika lina kina kinachokaribia mita 1,470, lakini hewa ya kuwatosha samaki ipo katika maji ya juu tu, na jamii nyingi za samaki wa mawe hazipatikani popote pengine duniani. Miongoni mwao wapo wadogo, wasiozidi urefu wa kidole, wanaoishi pale mawimbi yanapopiga kokoto na kula ukoga wa kijani unaoota juu ya mawe. Hawaelei vizuri kama samaki wengine, bali hukaa chini na kuruka kutoka jiwe hadi jiwe, kama chura asiye na miguu. Jambo litakalowashangaza watoto zaidi ni malezi yao: mama huatamia mayai mdomoni kwa siku kadhaa, kisha humkabidhi baba, naye huendelea kuwabeba watoto mdomoni mwake mpaka waweze kujitegemea.

Kabla ya yote, nenda kwa ofisa uvuvi na kwa uongozi wa mwalo, yaani mahali mitumbwi ya uvuvi inapofikia, ueleze ni samaki wangapi utakaowachukua, kwa saa ngapi na utawarudisha wapi, kisha usubiri ruhusa. Usiwatume watoto kuvua. Maji yaliyotulia kwenye majani yana konokono wa kichocho, na sehemu nyingine zina mamba. Kwa hiyo anayeingia majini awe mtu mzima anayeufahamu ufuko huo, mwenye vyavu viwili vidogo vya mkono. Samaki wawili wanatosha. Wakizidi watagombana, kwa kuwa kila mmoja hulinda eneo lake.

Mtazame kila samaki chini ya kidevu kabla ya kumtia ndooni. Kidevu kikiwa kimevimba, amebeba watoto, na anapaswa kurudishwa majini papo hapo. Nalisema hili kwa sababu mara yangu ya kwanza sikutazama. Tulipofika darasani samaki yule alifungua mdomo, na vitoto vidogo mno vikatawanyika ndani ya ndoo. Darasa zima likashangilia, lakini hadi kipindi kinakwisha hakuna hata kimoja kilichokuwa kimerudi mdomoni. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, sasa watalala wapi?" Sikuwa na jibu.

Chombo si lazima kiwe tangi la kioo. Dumu angavu la maji ya kunywa la lita 20, lililokatwa sehemu ya juu na kuoshwa bila sabuni, linafaa kabisa. Tumia maji ya ziwa lenyewe, kwa sababu maji ya bomba yana dawa na hayana chumvichumvi ambazo samaki hawa wamezizoea. Weka mchanga kidogo na mawe mawili matatu yenye ukoga. Samaki wa mawimbini huhitaji hewa nyingi; ukikosa pampu ndogo, mtu mmoja awe akichota maji kwa kikombe na kuyamimina taratibu kutoka juu. Fanya onyesho asubuhi, kivulini, na lisizidi dakika 40.

Wakalishe watoto kumi au kumi na wawili kwa zamu na uwaombe wanyamaze kwa dakika mbili kabla hujasema neno. Mtu mzima huona dakika hizo ni ndefu, lakini ndizo zinazofanya kazi: samaki hutoka nyuma ya jiwe, hukwangua ukoga, na watoto huanza kunong'onezana wenyewe. Hakuna anayemshika samaki, wala kugonga chombo.

Baada ya hapo leta dumu la pili, lisilo na samaki, lenye maji safi na jiwe moja. Mtoto mmoja atie konzi ya udongo mwekundu kutoka mlimani na kukoroga. Jiwe litapotea machoni, na tope likitulia litaufunika ukoga wote. Uliza tu: samaki atakula nini? Kutoka hapo kwenda kwenye miti iliyokatwa juu ya vilima ni hatua fupi, na mara nyingi watoto huifikia kabla ya mwalimu.

Kuhusu uvuvi, kuwa mwangalifu. Watoto wengi wa hapa ni wa wavuvi, na walihisi uvuvi ziwani ulipositishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwani mabadiliko yalionekana hadi kwenye sufuria ya nyumbani. Usimgeuze mtoto kuwa mpelelezi wa baba yake. Mpe kipande cha chandarua na kipande cha wavu wenye macho makubwa, ajaribu kupenyeza punje ya mchele katika kila kimoja. Maelezo kuhusu kokoro, wavu wa kukokota wenye macho madogo, yatamwingia bila ya kumtaja mtu yeyote.

Samaki warudishwe siku hiyohiyo, watoto wakishuhudia kutoka nchi kavu. Warudi kwenye mawe yaleyale walikotolewa, kwa kuwa samaki hawa huogopa kuvuka sehemu yenye mchanga mtupu na hawawezi kujitafutia njia ya kurudi. Ongeza maji ya ufukweni kwenye ndoo kidogo kidogo kwa robo saa, kisha ilaze majini na uwaache watoke wenyewe. Mawe yaliyokuwa ndani ya dumu nayo yarudi, upande wenye ukoga ukitazama juu.