Kabla hujashika fimbo ya snuka ukubwani

Mi snuka, ule mchezo wa kuingiza mipira ya rangi mashimoni kwa fimbo kwenye meza kubwa, nimeanza nikiwa na miaka 61, hapa Leicester, Uingereza, baada ya kustaafu kuendesha basi, na saivi wenzangu wa rika wananiuliza waanzie wapi. Swali lao la kwanza huwa ni hilohilo, ninunue fimbo gani. Nawaelewa maana na mimi nilitoa paundi 240 kwa fimbo na kasha lake lenye vifunguo viwili, kabla hata sijajua mpira wa kijani una pointi ngapi (ni 3), halafu miezi miwili mizima nikawa nakosa mipira iliyokaa mdomoni mwa shimo kabisa. Fimbo haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa puani kwangu, miwani.

Kwa hiyo anza na macho. Wengi wetu umri huu tunavaa ile miwani ya kuchanganya, juu ya mbali chini ya kusomea, sasa kwenye snuka unainama mpaka kidevu kinakaribia kugusa fimbo, unatazama kwa kupandisha macho, yaani unachungulia kwenye ukingo wa juu kabisa wa lenzi au unaiona fremu yenyewe, na kichwa kikitikisika kidogo tu mpira wa mbali unacheza kama samaki kwenye ndoo. Unalenga mahali ambapo mpira haupo. Dennis Taylor, yule aliyechukua ubingwa wa dunia 1985 kwa kumfunga Steve Davis 18-17 kwenye mpira mweusi wa mwisho, alivaa mimiwani mikubwa kama imegeuzwa juu chini, watu wakacheka, kumbe imetengenezwa makusudi, lenzi imepanda juu ili akiinama bado anaona katikati ya kioo. Si lazima uende hadi huko. Nenda kwa mpima macho mwambie unataka lenzi ya aina moja tu, ya kuona mpira ulio mita moja na nusu mpaka mita tatu, meza yenyewe ina mita tatu na nusu na ushee, na uiname palepale akuone. Mi niliinama kwenye kaunta yake nikashika rula kama fimbo, binti wa watu akacheka mpaka akakaa, lakini miwani aliyonipa ndo ninayochezea mpaka leo.

La pili ni mgongo na magoti. Watu wanauona mchezo wa kizee kwa sababu hakuna mbio, we jaribu kuinama na kuinuka kwa saa mbili halafu uniambie kesho yake. Wenye presha mnaotumia dawa, ulizeni daktari kwanza, maana ukiinuka ghafla kutoka kwenye kuinama kizunguzungu kinaweza kukupiga, mimi huwa nahesabu moja mbili ndo nanyooka. Na kama goti halikunji usijilazimishe kulala kwenye meza kama vijana wa kwenye tivii, simama wima kiasi utapoteza usahihi kidogo lakini utacheza. Fred Davis alifika nusu fainali ya dunia 1978 akiwa na miaka 64, hakuwa anajikunja kama panya. Halafu kuna kile kijiti kirefu chenye msalaba kichwani, cha kuegeshea fimbo mpira ukiwa mbali, wanakiita resti, kitumie bila aibu, sisi wa puli, ile ya meza ndogo ya baa, tunaona ni cha wasiojua, tunapanda mezani nusu mwili. Huku lazima mguu mmoja uwe unagusa sakafu, ukiinua yote miwili ni fauli.

Hapo nimegusa puli, ngoja niseme maana ndo inayotuponza. Ukitoka puli ya baa za nyumbani unajiona fundi. Nilikuwa hivo, Tanga hakuna aliyenisumbua! Sasa meza ya snuka ni futi 12 kwa 6, mipira ni 22 pamoja na mweupe, ule unaoupiga kwa fimbo, na mashimo yake midomo imezungushwa, mpira ukigusa shavu tu unatemwa nje. Kule kwenye puli ukipiga kwa nguvu bahati inakusaidia, huku nguvu ndo inayokuumbua. Jiandae kisaikolojia kwamba mwezi wa kwanza utaingiza mmoja, utakosa, utakaa chini. Ukipata pointi 12 mfululizo piga simu nyumbani.

Sheria hazichoshi, jioni moja zinatosha: unaingiza mwekundu pointi 1 halafu rangi, mwekundu halafu rangi, rangi zinarudishwa mahali pake mpaka wekundu 15 waishe, baada ya hapo zinaliwa kwa mpangilio, njano 2, kijani 3, kahawia 4, buluu 5, pinki 6, mweusi 7. Fauli inampa mwenzio pointi 4 au zaidi. Hayo mengine utayajulia mezani.

Adabu ndo ngumu kidogo kwa watu wetu. Hamna "mle huyo!", hamna kupiga stori wakati mwenzio ameinama, na usisimame upande anaolengea hata kama uko mbali, sogea au tulia. Ukigusa mpira kwa mkono au kwa mkono wa shati sema mwenyewe, hakuna refa. Chai isiwekwe ukingoni mwa meza, hilo watakusamehe mara moja tu.

Pesa sasa. Klabu nyingi meza inalipiwa kwa saa, unalipa kaunta wanakuwashia taa ya juu ya meza, muda ukiisha giza, hata kama umeinama. Piga simu kabla uulize bei ya asubuhi na mchana wa siku za kazi, huwa nafuu na kuna utulivu, Ijumaa usiku usiende. Mji huu nao una wazimu wake wa snuka, Mark Selby mcheza snuka ni mtoto wa hapa, ule usiku wa tarehe 2 Mei 2016 Leicester City wanapata ubingwa wa ligi yeye yuko Sheffield anabeba kombe la dunia, mi nilikuwa kwenye usukani na basi halikusogea.

Fimbo basi, maana najua mmeingoja. Cheza na za klabu wiki sita. Chagua iliyonyooka, ivingirishe juu ya meza uone kama inarukaruka, na uangalie ncha, ya snuka ni nyembamba, milimita tisa na nusu hivi, iwe na ngozi ya mviringo inayoshika chaki. Ukija kununua, ya mti wa ash ya bei ya kawaida inatosha.

Na tafuta mtu mzima mwenzio wa kucheza naye. Wangu ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa Kampala, walifukuzwa 1972 akiwa kijana, Kiswahili chake cha dukani hakijaisha. Siku ya kwanza hakuniruhusu kupiga mpira hata mmoja wa rangi. Aliweka mweupe kwenye alama ya kahawia, pale mpira wa kahawia unapokaa, akasema, "Bwana, piga hii, ipite juu ya alama ya buluu, pinki, nyeusi, igonge ukuta, irudi paka kwa fimbo yako. Wewe hapana sogeza fimbo." Mweupe wangu ulirudi ukapita nusu mita kushoto. Saa nzima tulifanya hilo tu. Saivi ni mwezi wa saba tangu siku ile, katika kumi inarudi minne, wakati mwingine mitano, na yeye bado anakaa kwenye kiti chake anahesabu kwa sauti.