SOMO: Namna ya kuhesabu pesa ya kuishi ya depite wa jimbo kule Marekani

Bandugu wa Lubumbashi, juu wengi munauliza depite wa Marekani wanamufanyiaje kodi ku pesa ya nyumba na chakula wakati iko mbali na kwake, leo tufanye hesabu yenyewe.

1. Bale ba Congress ya Washington, bunge la inchi nzima, tuwatoshe kwanza. Zamani walikuwa wanakata mpaka dola 3,000 kwa mwaka ku mapato yao, sheria ya 2017 ikafunga ule mlango. Tunabaki na depite wa jimbo.

2. Pima barabara. Nyumba yake ipite maili 50, karibu kilometa 80, toka jengo la bunge. Ingekuwa huku, depite wa Kipushi angekosa, ni kama kilometa 30 tu, anarudi kulala kwake. Wa Likasi angepata. Naona ni haki kabisa.

3. Kila mwaka anaandika karatasi kusema nyumba ya kule anakochaguliwa njo kwake, anaitia pamoja na deklarasio.

4. Siku, hapa njo wengi wanapotea. Zinaingia siku za kikao, na mapumziko yasiyopita siku 4 mfululizo. Bunge likaye siku ya ine, lirudi siku ya pili: siku ya tano, posho, yenga na siku ya kwanza, zote zinaingia. Likirudi siku ya tatu, mapumziko inakuwa siku 5, hakuna hata moja inaingia! Kikao cha komisio kinaingia paka kama jina lake liliandikwa pale.

5. Zidisha. Chukua kiwango cha siku moja, pesa ya kuishi ya mfanyakazi mu safari, cha serikali kuu ao cha jimbo, kile kikubwa, lakini cha jimbo kisipite asilimia 110 ya kile kingine. Mfano: serikali kuu dola 150, jimbo 180, unashika 165. Mara siku 40, dola 6,600, njo pesa yake ya kuishi ya mwaka.

MASWALI

— Yaya, kama jimbo halimulipe, anakata mu mapato yake?
Ku kodi ya serikali kuu, tangu 2018 hapana, pesa ya mfuko wake haikatwe tena. Hesabu inasaidia ku pesa ya kuishi ile jimbo linamulipa: ikifuata kanuni, haiingie mu mapato ya kulipiya kodi.

— Faktira za hoteli je?
Kwa kiasi hicho haombwe, sheria inahesabu kama alishatumia.

— Na kama hakufika bungeni siku ile?
Siku ya kikao cha wote inaingia hivyo hivyo. Hapo mimi sikubali, mutu asiyekuja asihesabiwe.