Somo: Kupasha joto tangi kubwa la samaki bila kumaliza Yaka (umeme wetu wa kulipia kabla)

Wenzetu wa Kabale, Kisoro na Kapchorwa, kwenye miinuko yenye baridi ya Uganda, huuliza kwanza hita ya wati ngapi. Mimi nasema anza na kifuniko. Hita za umeme hazizidiani ufanisi: yuniti moja ya umeme hutoa yuniti moja ya joto, iwe hita ya bei kali au ya bei nafuu. Yaka inaisha kwa sababu ya joto linalotoroka, na hilo tutaliziba kabla ya kununua chochote.

Hatua ya 1: Chagua joto kwa kumtazama samaki. Nkejje, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, na ndugu zao wa maziwa yetu wanaridhika na digrii 24 hadi 26. Diskasi wa Amazon anataka 28 hadi 30. Samaki wa dhahabu hahitaji hita kabisa. Kila digrii unayoongeza utailipia usiku na mchana. Tena Kabale iko juu, karibu meta 2,000, ambako maji hushika oksijeni pungufu ya ile ya pwani kwa karibu moja ya tano, na kadiri yanavyopata joto ndivyo inavyozidi kupungua. Kwa mtu wa Kabale, nkejje ni chaguo la busara kuliko diskasi.

Hatua ya 2: Ziba. Hapa usifanye haraka, maana ndipo fedha ilipo. Joto jingi hupotea juu, maji yanapogeuka mvuke: kila lita inayopotea hivyo huondoka na karibu yuniti 0.7. Hesabu lita unazojazia. Ukijazia lita 5 kwa siku, yuniti zaidi ya 3 zimepaa hewani siku hiyo. Funika kwa kioo, uache upenyo mdogo wa nyaya na wa hewa.

Mgongoni, ubavuni na chini, bandika zile bodi nyeupe nyepesi kama za kufungia televisheni kwenye boksi, unene wa sentimita 3 hivi. Ya chini iwekwe kabla ya maji, kwa sababu lita 1,000 ni tani nzima na hutaliinua tena. Usiku, teremsha blanketi mbele ya kioo. Tangi dogo la kuchujia lililo kabatini chini ya tangi kubwa nalo lifunikwe; wengi hulisahau, kumbe maji yote hupitia humo.

Hatua ya 3: Pima tangi lako. Kanuni ya wati moja kwa kila lita hutoka kwenye matangi madogo. Tangi kubwa lina maji mengi ukilinganisha na uso wake, kwa hiyo hupoa polepole. Usiku wa baridi, zima hita uliyo nayo sasa au uliyoazima, acha pampu ikizunguka, soma kipimajoto saa sita usiku kisha saa kumi alfajiri. Katika lita 1,000, kila digrii moja iliyoshuka ni yuniti 1.16. Ikishuka digrii moja kwa saa hizo nne, tangi linapoteza kama wati 290. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo dukani. Samaki wakiwa ndani, usiache maji yashuke zaidi ya digrii mbili.

Hatua ya 4: Hita mbili, si moja. Kwa mfano huo, nunua mbili za wati 300. Moja ikifa, nyingine inashikilia. Moja ikigoma kuzima, maji hupanda polepole na unapata muda wa kugundua; hita moja ya wati 1,000 ingeyapandisha kwa haraka zaidi. Ziunganishe na themostati ya nje, yaani kifaa kinachoziwasha na kuzizima kulingana na joto la maji, kihisi chake kikae mbali na hita. Ziweke penye mkondo wa maji, lakini si kwenye chumba cha pampu ya kurudisha maji ndani ya tangi la kuchujia, kwa sababu huko ndiko kina hushuka maji yakipungua, na hita ikiachwa kavu hupasuka. Waya uning'inie chini ya soketi ndipo upande, ili matone yasiufuate hadi kwenye soketi. Chomoa hita kabla ya kutia mkono.

Hatua ya 5: Jua. Mwenye tangi la maji moto la sola juu ya paa anaweza kupitisha maji hayo kwenye bomba lililozungushwa ndani ya tangi la kuchujia, bila maji hayo kuchanganyika na ya samaki. Bomba liwe la chuma kisichoshika kutu. Shaba ni sumu kwa samaki. Pampu ya mzunguko huo nayo iongozwe na themostati.

MASWALI YA WANACHAMA

Wa Mbale: Mwalimu, koili ya kuchemshia maji ya kuoga si ni bei rahisi? Siwezi kuitumia?

Hapana, ndugu yangu, tafadhali usiitumie. Haina themostati, nyingi zina madini yasiyofaa majini kwa samaki, na inaweza kukuua wewe mwenyewe.

Wa Kampala: Nina nkejje, lita 1,500, sebuleni. Nahitaji hita?

Dada, funika kwanza, kisha pima alfajiri kwa wiki nzima. Pampu iliyozama nayo huyapasha maji joto kidogo. Yakibaki 24, acha.

Wa Kabale: Umeme ukikatika usiku kucha, niwashe sigiri karibu na tangi?

Usithubutu, mzee wangu. Moshi wa makaa huua watu waliolala, na pampu ya hewa huuvuta hadi majini. Funika tangi lote kwa mablanketi. Lita 1,000 zilizozibwa vizuri zitapoteza digrii chache tu hadi asubuhi. Oksijeni ndiyo huisha kwanza, kwa hiyo betri yako ilinde pampu ya hewa, si hita. Umeme ukirudi, acha hita zipandishe zenyewe. Usimimine maji ya birika.