SOMO: Namna ya kujipanga ukiwa na mtoto mwenye aleji ya chakula

Habari zenu wazazi wenzangu. Mwanangu ana aleji ya maziwa na karanga. Zamani kila kitu kilikuwa kichwani mwangu. Siku moja nilimwacha na shangazi yake, mara simu ikaita: mtoto amevimba midomo. Dada wa watu akapekua droo tatu akitafuta dawa huku namwelekeza kwa simu. Ilipatikana, lakini tangu siku ile kila ninachopanga nakipima kwa swali moja: nisipokuwepo, mwenzangu ataweza?

Hatua ya 1: Karatasi ya dharura
Ijaze pamoja na daktari. Iwe na picha ya mtoto, uzito wake, vyakula vinavyomdhuru, dalili, na dawa kwa mpangilio wa kuzitumia. Mwandikie mtu aliyeshikwa na hofu: maneno machache, herufi kubwa. Juu kabisa weka dalili za hatari, yaani kupumua kwa shida, sauti kukwaruza, ulimi kuvimba, kulegea au kuzimia. Akifikia hapo, sindano ya adrenalini kwanza (dawa ya dharura ya aleji kali, iliyo ndani ya kifaa kama kalamu), kwenye paja upande wa nje, hata juu ya nguo, kisha piga simu ya dharura. Dawa ya kutuliza muwasho haimwokoi mtoto aliyebanwa pumzi, kwa hiyo msiisubiri.

Hatua ya 2: Mkoba wa dawa
Uwe mmoja, wa rangi kali, na uende kila anakokwenda mtoto. Weka sindano mbili, kwa sababu asipopata nafuu, ya pili hudungwa baada ya dakika 5 hadi 15, kama daktari alivyoelekeza. Usiziweke kwenye friji wala usiziache ndani ya gari juani. Mimi nimeandika tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye kipande cha plasta, nikakibandika kando ya zipu. Kila nikishika mkoba naiona. Mtoto akiongezeka uzito, muulize daktari kama kipimo cha sindano kinabadilika.

Hatua ya 3: Lebo
Soma dukani, soma ukifika nyumbani, soma tena kabla ya kumpa. Tulikuwa na biskuti tulizozinunua mwaka mzima, pakiti ile ile, rangi ile ile. Safari moja, mwisho wa orodha ya viambato, nikakuta unga wa whei. Hayo ni maziwa. Kaseini pia ni maziwa. Albumini mara nyingi ni yai. Majina haya yabandike ndani ya mlango wa kabati.

Hatua ya 4: Jikoni
Chakula chake kiive kwanza, kwa mwiko na ubao wake, kisha kifunikwe. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni; sanitaiza haiondoi protini za karanga.

Hatua ya 5: Daftari
Andika alikula nini, saa ngapi, dalili zikaanza saa ngapi. Aleji ya ghafla kwa kawaida hujitokeza ndani ya dakika chache hadi saa 2. Vipele vipige picha, maana hupotea kabla hamjafika kwa daktari.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shuleni dawa inafungiwa kabatini na ufunguo anao mtu mmoja. Nifanyeje?*
Usikubali, mama. Iwekwe mahali palipo wazi kwa walimu lakini watoto hawafikii, na angalau walimu wawili wajue kuitumia. Nenda na karatasi yako, uombe dakika kumi za kuwaonyesha.

*Akidungwa akapata nafuu, bado tuende hospitali?*
Ndiyo, bila kuchelewa. Dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa. Mkisubiri gari, mlaze na miguu iinuliwe. Akiwa anahema kwa shida, mkalishe. Asisimame wala kutembea.

*Nikipika maziwa au mayai sana, aleji inaondoka?*
Wapo watoto wanaovumilia yaliyookwa, lakini hilo hupimwa na daktari. Usijaribu nyumbani.

*Bibi yake anasema kidogo tu hakidhuru.*
Hata mama yangu alisema hivyo. Niliacha kubishana naye, nikaenda naye kliniki. Nesi alimpa kalamu ya mazoezi, mfano wa ile ya adrenalini ila haina sindano wala dawa, akajidunga pajani mwenyewe mara tatu. Sasa yeye ndiye anayeniuliza, "Mkoba umebeba?"