Somo: Kutumia mimea kwa baridi yabisi bila kuviponza viungo

Asubuhi vidole vyangu havifungi ngumi. Nashika kifungo cha shati, kinaponyoka. Nashika tena, kinaponyoka. Inabidi nitumbukize mikono kwenye maji ya uvuguvugu, nikunje na kukunjua mpaka vidole vilainike. Mtu wa hali hii akisikia kuna mzizi unaotibu, hangoji kuambiwa mara mbili. Nawaelewa, ndiyo maana naandika.

Hatua ya 1: Jua unaumwa nini

Katika baridi yabisi, kinga ya mwili inaushambulia utando wa ndani wa kiungo. Utando huvimba, halafu gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, na mfupa wenyewe huanza kuliwa. Jongo ni ugonjwa mwingine, unaoletwa na fuwele za asidi ya yuriki. Kusagika kwa gegedu nako ni kwingine. Ukikakamaa kila asubuhi zaidi ya nusu saa, na viungo vya mikono yote miwili vimevimba, kapime kabla ya kuchemsha chochote. Mfupa ukishaliwa haurudi.

Hatua ya 2: Dawa ya hospitali ibaki palepale

Mimea nitakayoitaja huweza kutuliza maumivu. Kuzuia mfupa usiliwe ni kazi ya dawa kama methotreksati, ambayo kwa ugonjwa huu humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Mwambie daktari kila unachokunywa, hata kama ni chai ya majani.

Hatua ya 3: Chagua mmea mmoja tu

Ukichanganya mitano hutajua upi umekusaidia na upi umekudhuru.

Binzari ya manjano ndiyo inayosifiwa zaidi. Kiini chake, kurkumini, ni kama asilimia 3 tu ya unga, na utumbo hukifyonza kwa shida. Pilipili manga husaidia kukifyonza. Kuitia binzari kwenye chakula ni salama kwa watu wengi. Vidonge vyake vyenye nguvu ni habari nyingine: vimewahi kuumiza ini la watu. Macho yakiwa ya njano au mkojo ukawa mweusi, acha siku hiyohiyo ukapimwe.

Tangawizi na utomvu wa mti wa ubani, hasa Boswellia serrata, vimechunguzwa zaidi kwa magoti yaliyosagika kuliko kwa baridi yabisi.

Mimi napendelea krimu ya kapsaisini, kiini cha pilipili kali. Paka kidogo mara 3 au 4 kwa siku, kamwe si kwenye ngozi yenye kidonda. Siku za mwanzo itachoma, na nafuu huja baada ya siku kadhaa hata wiki, kwa hiyo usikate tamaa mapema. Vaa glavu. Niliwahi kujisahau nikafikicha jicho, sitaki likukute.

Hatua ya 4: Andika

Kila asubuhi andika umekakamaa dakika ngapi na viungo vingapi vimevimba. Wiki 8 zikipita bila mabadiliko, achana na mmea huo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, natumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Binzari inanifaa?*

Vidonge vyake hapana, ndugu yangu, vinaweza kukuongezea hatari ya kutokwa damu. Tangawizi nyingi pia iepuke. Ukiwa na upasuaji, mweleze daktari mapema.

*Mama amepewa unga wa mitishamba, usiku mmoja tu maumivu yote yameisha! Tuendelee?*

Hapo ndipo ninapoogopa, dada. Mmea haufanyi kazi kwa kasi hiyo. Unga wa namna hiyo umewahi kukutwa umechanganywa kwa siri na deksamethasoni, dawa kali ya hospitali ya aina ya steroidi, inayoiga homoni ya mwili. Mimi mwenyewe niliuziwa. Uso ulivimba ukawa duara, nikala kama sishibi. Msiendelee kimyakimya, lakini kama ameutumia kwa wiki nyingi msiukatishe ghafla, maana mwili huwa umeacha kutengeneza homoni yake na anaweza kuzimia. Mpelekeni leo, na kopo lenyewe mkononi.

*Na dawa za kuongeza kinga, kama ekinasia?*

Kinga yako ndiyo inayokushambulia, kwa nini uichochee? Iache.

*Nina ujauzito wa miezi miwili na natumia methotreksati. Nihamie kwenye mimea?*

Mwanangu, usimeze dozi nyingine, na umwone daktari leo hii. Methotreksati humdhuru mtoto tumboni. Mimea usijipangie mwenyewe. Zipo dawa nyingine za viungo anazoweza kukupa wakati wa ujauzito.