Kuseti spidimita ya baiskeli isome kilomita za kweli

Juzi nimemsaidia rafiki yangu kuseti spidimita yake. Kila tukiendesha pamoja anamaliza na kilomita nyingi kunizidi, na njia ni ile ile. Hii ni kwa zile za sumaku na sensa.

Hatua ya 1: Sumaku kwenye spoku ya gurudumu la mbele, sensa kwenye foku, ziachane milimita 2 au 3. Zungusha gurudumu kwa mkono, namba zikitokea endelea.

Hatua ya 2: Jaza upepo ule unaotumia siku zote.

Hatua ya 3: Mzingo wa gurudumu, na hapa ndo penyewe. Jamaa alizungushia tairi kamba akapata milimita 2125, kosa lile lile lililonilia siku nzima zamani, nabadilisha betri, nasogeza sensa, kumbe sensa haina shida, ni kwamba ukikaa juu ya baiskeli tairi linabonyea na kila mzunguko unakuwa mfupi. Kwa hiyo lazima upime ukiwa umekaa. Tafuta sakafu tambarare, weka valvu chini kabisa, chora chaki usawa wake. Panda, mtu akushike akusukume taratibu, usukani umenyooka kabisa maana ukiyumba tu umbali kati ya alama unafupika na inabidi uanze upya (sisi tulirudia mara nne), mpaka valvu irudi chini mara 3, chora tena. Tumia tepu ya chuma, kamba inavutika, achana nayo kabisa. Tulipata 6294, gawa kwa 3 ni 2098. Milimita 27 zinaonekana si kitu ila kwenye kilomita 50 ni kama mita 640 ambazo hujaendesha!

Hatua ya 4: Ingiza namba. Ikitaka tarakimu 4 ni milimita, ikitaka 3 ni sentimita, basi weka 210. Na iwe kwenye kilomita, sio maili.

Hatua ya 5: Hakiki kwenye barabara yenye nguzo za kilomita, angalau 10. Ikisoma 10.1, chukua namba uliyoweka, zidisha kwa 10, gawa kwa 10.1, weka jibu. GPS ya simu siitumii kuhakiki, kwenye kona nyingi na chini ya miti inapotea. Ukibadilisha tairi, hata la saizi ile ile, rudia hatua ya 3.

Ya jamaa ilisoma 10.01, tukaiacha hivyo.